Mwaka Ambao Lusajo Aliacha Kuoga Mtoni

Tulimzika Lusajo kwao Mwaya, siku ya mvua, katika udongo mweusi unaonata hadi kiatu kinabaki nyuma ya mguu. Nimezika watu wengi sasa. Mwili umezoea, unajua wenyewe mahali pa kusimama na wakati wa kuvua kofia, na nikirudi nyumbani mke wangu haniulizi tena msiba ulikuwaje, ananiwekea tu maji ya kuoga. Baada ya mazishi wanaume tuliketi chini ya turubai, tukaletewa wali na maharage, na mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama hadi zikalainika. Mzee mmoja wa ukoo wao alikuwa amekaa mbele yangu, anakula taratibu. Akasema bila kumwelekea mtu, "Mwili ule wote, na hakuacha hata mtoto." Aliyekaa pembeni yake akajibu, "Hakuoa. Alikuwa na lake huko Karonga." "Lipi?" "Nani ajue. Mwanaume asiyeoa ana lake." Wakaomba maharage yaongezwe. Mimi nililijua lake, na nilikuwa nimelibeba tangu tukiwa vijana, na siku ile, tumbo likiwa limejaa chakula chake cha mwisho, niliona nimechoka kulibeba.

Lusajo na mimi tulipanga chumba kimoja mwaka ule tuliofikisha miaka ishirini na mbili. Kilikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, nje kidogo ya mji wa Kyela, kwenye njia ya kwenda Itungi. Vitanda viwili vya kamba, dirisha moja lisilo na kioo, na vumbi la makapi lililoingia kila mahali: kwenye shuka, kwenye chumvi, ndani ya masikio. Mashine ilipowaka asubuhi ukuta ulitetemeka, na vikombe vyetu vya bati vilitembea juu ya meza hadi ukingoni kama havikuangaliwa. Kazi yetu ilikuwa kubeba magunia. Wakulima walileta mpunga kutoka Ndandalo, Mwaya na Ipinda, sisi tunashusha. Mchele ukitoka, sisi tunapakia. Lusajo alikuwa amezaliwa kwa kazi ile. Alikuwa na mabega ambayo fundi cherehani alilazimika kuyakatia kitambaa cha ziada, na shingo iliyopokea gunia bila kupinda. Wanawake waliokuja kupepeta mchele walikuwa wakinyamaza akipita, halafu wakicheka wao kwa wao. Mimi nilikuwa mwembamba, sina ndevu hata moja, sauti yangu ilikuwa nyepesi kiasi kwamba mtu akinisikia nyuma ya mlango aliuliza, "Dada, mwenyeji yupo?" Wenzetu waliniita Kinda. Nilicheka nao, na ndani yangu kila asubuhi nilipapasa kidevu kwa vidole kabla sijafungua macho.

Naandika haya kama mtu aliyekwisha kuyavuka, na bado naona aibu kuyaandika. Kijana wa miaka ishirini na mbili asiye na ndevu haishii kwenye kidevu. Anaanza kuhesabu kasoro kuanzia juu kwenda chini. Nilikuwa nimejishawishi kwamba mwili wangu ulisahau kitu njiani, kwamba ulipofika sehemu fulani ulichoka ukaacha, na sehemu ile ya siri ilikuwa ushahidi. Sikuwa na wa kumuuliza. Kanisani tuliambiwa mwili ni hekalu. Nyumbani hatukuambiwa kitu. Kilichobaki ni maneno ya mtoni.

Vumbi la makapi linawasha, na aliyelibeba kutwa nzima shingoni haendi kulala bila kuoga. Basi jioni jua likiwa bado lipo, wabeba magunia wote tulishuka mto Kiwira. Maji yale yanatoka juu milimani, na hata yakifika kwetu bondeni, baada ya mvua yana baridi ya kukata pumzi. Tulioga wote pamoja, wanaume watupu, sabuni moja ikipita mkono hadi mkono. Mimi nilikuwa na mbinu zangu: nilichelewa kuvua, niliwahi kuingia majini, nilitoka nimegeuka upande wa majani. Lusajo hakuwa na mbinu. Alivua, akaingia, akatoka, akasimama kwenye mchanga akijikausha kwa shati, hana habari na mtu. Nilimwonea wivu kwa hilo kuliko hata kwa mabega yake.

Mkubwa wetu wa kazi alikuwa mtu mmoja tuliyemwita Bosi Mwakipesile, mcheshi, mwenye wake wawili na maneno mengi. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa kazi nilipokuwa sina uwezo wa kubeba gunia kutoka hapa hadi pale. Jioni moja alikuwa amekaa kwenye jiwe akisugua miguu, Lusajo akatoka majini akitetemeka kwa baridi. Bosi akamtazama, akasema, "Tazameni lori hili. Lori kubwa, limefungwa injini ya pikipiki." Watu walicheka hadi mmoja akadondosha sabuni ikachukuliwa na maji, na kwa kuwa sabuni ilipotea, mazungumzo yakahamia kwenye sabuni, nani atalipa, nani ana nyingine. Lusajo naye alicheka. Nilimwona akicheka. Kesho yake Bosi hakukumbuka kama alisema kitu, na nikimsikiliza leo moyoni sidhani kama alikusudia chochote zaidi ya kupitisha jioni.

Lakini kesho yake Lusajo hakushuka mtoni. Alisema mgongo unamuuma. Siku iliyofuata alisema ana homa. Kisha akaacha kusema, akawa anachota ndoo kisimani na kuoga nyuma ya chumba chetu, amezungusha mikeka miwili. Makapi yalimwacha na vipele shingoni kwa sababu ndoo moja haitoshi. Tukiwa chumbani alivaa na kuvua akiwa amenipa mgongo, yeye aliyekuwa akitembea mbele yangu na taulo begani. Chakula alikula, kazi alifanya, lakini kila kitu kama mtu aliyesimama mlangoni akisubiri kuitwa.

Wakati ule alikuwa amekwisha kumchumbia Subilaga. Subilaga aliuza chakula mbele ya mashine, kwenye banda la mabati lenye mabenchi mawili, na mimi nilimwita shemeji kabla ya mtu yeyote kuniruhusu. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya taratibu, na wali wake ulikuwa wa mpunga wa Kyela wenyewe, ule ambao harufu yake inafika kabla ya sahani. Siku za usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, aliwakaanga hadi wakalia mdomoni. Alimwekea Lusajo sahani bila kumuuliza anataka nini, na alipomwekea alisema neno moja tu, "Kula." Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kukutana, ng'ombe walikuwa wamekwisha kutajwa, na harusi ilikuwa ikingoja mavuno. Nilidhani Lusajo ana kila kitu. Yeye alikuwa anaitazama harusi ile ikija jinsi mtu anavyotazama maji yakipanda mlangoni.

Alinifungulia moyo Jumapili moja mchana, mashine imezimwa, kimya hadi unasikia panya kwenye makapi. Mimi nilikuwa namenya ndizi. Akasema, "Ipyana, ulisikia alichosema Bosi mtoni."

"Bosi anasema mengi."

"Ulisikia."

"Nilisikia."

"Ni kweli?"

 Sikuwahi kumtazama namna hiyo, na kama niliwahi, nilikuwa nimeshughulika na kuficha yangu. Nikamwambia sijui. Akasema, "Subilaga akinicheka, nitakwenda wapi?" Ndipo nikamwambia na mimi. Nilimwambia yote, kidevu, sauti, na lile jingine. Alinisikiliza bila kucheka, na kwa muda wa kumaliza kumenya zile ndizi tulikuwa watu wawili waliotua mzigo. Laiti tungeishia hapo. Nimefikiri mara nyingi kwamba mazungumzo yale yalitosha kuwa dawa, kama tungejua kwamba ndiyo dawa. Badala yake tulitoka pale tukiwa na wazo la kutafuta mtu wa kututibu.

Tulimpata huko Kasumulu, mpakani. Siku za soko watu walivuka daraja kutoka upande wa Malawi na bidhaa zao, na kati yao alikuwepo bwana mmoja mwenye koti la suti na kipaza sauti cha betri. Alitandika turubai, juu yake mizizi, magome, chupa ndogo, na mchoro wa mwanaume aliyepasuliwa tumbo ili mishipa ionekane. Alizungumza Kiswahili cha kuchanganya, na alizungumza vizuri. "Ndugu yangu, hujaumbwa vibaya. Ni ngiri. Ngiri imekaa huku chini, imeshika kamba, inavuta maumbile ndani. Wewe unaona padogo, kumbe pamejificha." Wanaume walisimama wakijifanya wanaangalia dawa ya meno. Sisi tulisubiri umati upungue. Bwana yule alitutazama mara moja tu, akatuita kwa mkono nyuma ya ukuta wa ghala, na hakutuomba tumwonyeshe kitu. Hilo lilitufurahisha sana. Sasa nikiwa mtu mzima ndilo linalonichosha zaidi: alituuzia tiba ya mahali asipopaona, na sisi tukamshukuru kwa adabu yake.

Dawa ilikuwa unga mweusi. Alitueleza kwamba mtu anajichanja chale ndogo ndogo kuzunguka mahali penyewe, anasugua unga, anavumilia. Kuungua ni dalili kwamba kamba inaachia. Tulirudi na vifurushi vyetu viwili vya karatasi ya gazeti, kila mtu cha kwake mfukoni, tukizungumza habari za mpira.

Mimi niliogopa wembe. Sisemi nilikuwa na akili kuliko yeye, niliogopa tu. Nilimwambia Lusajo aanze, nikiona imemfaa nitafuata. Alianza asubuhi moja ya Jumamosi, nikiwa nje nachochea moto wa chai. Hakulia. Alitoka ndani akiwa na jasho usoni, akakaa kwenye kizingiti, akanywa chai yake yote. "Inaungua?" nikamuuliza. "Inaungua," akasema, na nikaona kwamba amefurahi.

Kufikia katikati ya juma alikuwa hawezi kufunga suruali. Alibeba magunia akiwa amefunga kitenge ndani, akitembea miguu imeachana, na wenzetu wakasema Lusajo ameshikwa na baridi yabisi. Halafu akawa habebi tena. Alilala kitandani uso umeelekea ukutani, mwili unachemka, na chumba kikawa na harufu ambayo hata makapi hayakuifunika. Nilimwambia Bosi ni malaria. Nilifua vile vitambaa vyake mbali na watu, nilimpikia uji wa mchele uliovunjika, nikamnyanyua kichwa kumnywesha. Usaha ulikuwa umeanza kutoka. Nilimwambia twende hospitali ya mjini, akasema pale kuna binamu yake Subilaga anayefanya usafi wodini. Nikamwambia utakufa. Akasema, "Bora."

Neno lile alilisema kwa utulivu, kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Nilikaa kwenye kitanda changu nikimtazama mgongo, mgongo ule ambao ungebeba nyumba, na nikaelewa kwamba hatanii. Mtu mwenye nguvu kuliko wote niliowajua alikuwa tayari kuzikwa ili asionekane. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimwambia, "Basi tutakwenda mahali ambapo hakuna mtu anayetujua. Ukikataa, naenda kumwita Subilaga sasa hivi aje akuone hapa ulipo." Nilikuwa na hakika kwamba nitafanya. Naye alinigeukia, akaniona usoni, akaanza kutafuta shati lake.

Nilikodi baiskeli, nikafunga mto kwenye kiti cha nyuma. Lusajo alikaa upande mmoja, kama wanavyokaa wanawake, amejifunika kitenge hadi kidevuni, na mimi niliyekuwa siwezi kubeba gunia nikamwendesha hadi Ipinda. Kila shimo la barabara nililisikia kupitia pumzi yake. Watu walitusalimu, "Mnaumwa?" nikajibu, "Ndugu yangu ana malaria." Ipinda tulipata gari lililobeba watu na mikungu ya ndizi kwenda Matema, tukashuka mahali milima inapokaribia kuingia ziwani, kwenye kituo cha afya kidogo chenye kuta nyeupe. Ziwa lilikuwa tulivu siku ile, la buluu hadi linauma macho. Wanawake wa Kikisi walikuwa wanashusha vyungu ufukweni. Nakumbuka niliona ajabu kwamba watu wanauza vyungu, siku ya namna ile.

Tabibu alikuwa mwanaume wa makamo, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alifunua kitenge, akatazama, na uso wake haukubadilika. Hakuuliza nani alikudanganya, hakuhubiri. Alisema, "Unga mweusi?" Lusajo akatikisa kichwa kukubali. Tabibu akavuta pumzi ndefu, akaenda kunawa mikono. Alimsafisha kwa muda mrefu, nami nilimshika Lusajo mabega, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza, mdomo umefumbwa. Tabibu akasema akiendelea na kazi yake, "Hukuwa na ugonjwa wowote, kijana. Ninachotibu hapa ni dawa."

Tulikaa pale hadi homa ikashuka, yeye kwenye kitanda cha wodi, mimi kwenye mkeka barazani nikila ugali na samaki wa kuchoma niliowanunua ufukweni. Siku moja, kabla ya chakula cha mchana, tabibu alipita barazani nikamwomba neno, na neno lenyewe likakataa kutoka. Alinisubiri kidogo, kisha akasema, "Na wewe pia." Akaniita ndani, akanipima kama anavyopima mtu mwenye jino bovu, akaniambia nivae. Aliongea akiandaa sindano za wagonjwa wengine, hakunitazama, na nadhani alifanya hivyo kwa makusudi. "Wewe ni mzima. Ndevu za wengine huchelewa, na wengine hazizidi hapo zilipo. Mwanaume akijitazama kutoka juu anaona pamepungua, kwa sababu anatazama kutoka juu. Akitoka kwenye maji ya baridi panajikunja, kwa kila mtu, hata kwa huyo anayewacheka. Na kilivyo kikiwa kimelala hakikuambii kitakavyokuwa. Hakuna unga, hakuna mafuta, hakuna mzizi unaoongeza. Wanakuja hapa vijana, kila mara. Wote wazima. Walikuwa wazima, na wanafika hapa wameungua." Akachukua trei yake akaenda zake.

Sikuamini palepale. Ilinichukua miaka. Lakini nilikuwa na mahali pa kuanzia, na nilipotoka nje nilitupa kifurushi changu cha gazeti kwenye shimo la choo chao. Ndevu zilikuja baadaye sana, chache, na zimekuwa nyeupe kabla hazijawa nyingi. Nimeoa, nimezaa. Mke wangu ana malalamiko juu yangu ya kutosha kujaza siku nzima, na hilo halimo.

Nilimpa Lusajo maneno ya tabibu neno kwa neno, na tabibu mwenyewe alimweleza tena siku ya kumruhusu: kovu litabaki, lakini utaoa, utazaa, hakuna kilichoharibika cha kukuzuia. Lusajo alisikiliza kwa heshima, akasema, "Ndaga, tata," asante, baba, kwa lugha ya kwetu. Tulipokuwa kwenye gari la kurudi aliniambia, "Yule ni kazi yake kufariji watu." Nikamwambia hafariji mtu, umeona uso wake, amechoka, mtu aliyechoka vile hana nguvu ya kudanganya. Alitazama nje. "Kwanza palikuwa padogo," akasema. "Sasa ni padogo na pana kovu." Akaniapisha kwamba sitamwambia mtu, Subilaga kuliko wote, nami nikaapa, kwa sababu aliyeniomba alikuwa bado hawezi kukaa sawasawa kwenye kiti.

Hakungoja mavuno. Alipopata nguvu aliaga kazini kwamba anakwenda kumsalimia mjomba, akavuka mto Songwe kuingia Malawi, akabaki Karonga. Baada ya muda wazee wake walipata ujumbe kwamba uchumba ule uvunjwe. Watu walisema amepata mwanamke wa Kimalawi mwenye duka. Kitanda chake kikakaa kitupu, na mimi nikawa naweka magunia ya pumba juu yake ili nisikione. Subilaga aliendelea kupika. Hakuniuliza kitu. Nilipoketi kwenye benchi lake alinipa sahani, akaongeza kipande cha samaki ambacho sikuomba, akasimama kidogo ameshika mwiko, kisha akarudi jikoni. Alifanya hivyo hadi nilipohama pale. Nilikula vile vipande vya ziada kwa taabu sana.

Lusajo alikaa Karonga karibu maisha yake yote, akiuza vitenge na nyuzi za nyavu, na hakuwa na mwanamke wa duka wala wa nini. Alinitembelea mara chache. Alinenepa, akawa mtu wa utani, akawapenda wanangu. Mara moja tu, tumekaa kwangu Ndandalo tukigeuza kakao kwenye jamvi, nilijaribu kulifungua lile jambo. Aliinua mkono taratibu, kama anazuia gari, akasema, "Acha, kaka. Limelala." Nikaliacha. Presha ilimrudisha Mwaya, na presha ikammaliza.

Basi siku ile ya mazishi, wali umekwisha, mvua imepungua, niliinuka kutafuta mahali pa kunyoosha mgongo. Kando ya turubai vijana wa bodaboda walikuwa wameinamia simu moja, na nikasikia mmoja akisoma matangazo kwa sauti ya chini, mafuta, vidonge, unalipia inakufikia popote, na mwenzake akasema, "Hiyo ya pili jamaa yangu ametumia," kisha wakaniona wakaizima. Nilisimama pale. Nilitaka kuwaambia. Nilifikiri nitaanzia wapi, nikaona nyuso zao zimeshafungwa kwa adabu, wote wakisema, "Shikamoo, mzee." Nikaitikia, nikawauliza kama kuna mmoja atakayeelekea Ndandalo jioni. Wa kwanza kujibu alikuwa yule aliyesema habari za jamaa yake, na nikamwambia nitakwenda naye. Njia ile ni ndefu ya kutosha kwa mazungumzo.

Subilaga nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kinu kilicholazwa, akijikung'uta matope kwenye pindo la kitenge. Ni bibi sasa. Mume wake alifariki siku nyingi, watoto wake wako Mbeya. Sikujua kwamba atakuja. Tuliulizana hali, wajukuu, mpunga umekubali au haukukubali. Kisha akasema, "Baba Atupele, uliishi naye chumba kimoja. Nimekaa muda wote huu bila kukuuliza, kwa sababu niliona ukiulizwa utaumia. Sasa yeye hayupo. Ni mimi niliyemkosea?"

Kiapo nilichoapa kwenye lile gari kilikuwa cha mtu aliye hai. Nilikaa kwenye jiwe karibu naye, nikamweleza. Nilimweleza taratibu, kwa maneno ya heshima, nikizunguka pale nilipoweza kuzunguka: mtoni, lile neno la Bosi, Kasumulu, wembe, Matema. Alisikiliza akiwa ameinamia mikono yake. Nilipomaliza, ndani ya nyumba wanawake walikuwa wakiimba wimbo wa kanisani kwa sauti za kuchoka.

"Lile neno la lori nililisikia," akasema.

Nikamuuliza amelisikia lini.

"Wiki ileile. Walilisema kwenye benchi langu, wanakula chakula changu, wanadhani sauti ya mashine inawaficha. Nilicheka peke yangu jikoni. Sikumcheka yeye, niliwacheka wao. Nikasema, Lusajo ataniambia mwenyewe, nami nitamwambia sikuchumbiwa na lori." Alivuta pumzi. "Hakuniambia. Na mimi ningeanzaje? Msichana wa wakati ule aanze na jambo lile? Ningemwambia nimesikia, angeona nilikuwa nikimzungumza na wao. Nikasema akipata nafasi atasema. Nilikuwa nakusubiri hata wewe useme. Kila nikikupa sahani nasema, leo atasema."

 Tuliwatazama kuku waliokuwa wakipekua matope.

"Kule kujichanja," akasema, "aliumia sana?"

"Aliumia."

"Siku zile za homa alikuwa peke yake mle ndani?"

"Hapana. Nilikuwepo."

"Ulimshika?"

"Nilimshika."

"Ndaga fijo," akanishukuru. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia hadi wimbo ule ukaisha, kisha akainuka, akakaza kitenge chake, akaingia ndani kwa wanawake wenzake.